Reli ikistaafu, ardhi yake inywe maji

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, swali moja halikosekani vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: ile reli ya zamani inang'olewa lini, na ardhi yake atapewa nani? Mmoja atasema maghorofa, mwingine soko, mwingine bustani. Na neno bustani siku hizi haliji peke yake. Linakuja na mkia mrefu: "bustani ya umma inayohimili mabadiliko ya tabianchi". Hapo ndipo watu wanapoanza kupishana. Wa kwanza anaelewa ni kupanda miti. Wa pili anaona hiyo ni lugha ya wafadhili. Wa tatu anauliza, kwa hasira kidogo, kwa nini tupande maua wakati mtaro wa mtaa umeziba.

Huyo wa tatu ndiye aliye karibu na jibu kuliko wenzake, ingawa mwenyewe hajui. Ninamwandikia yeye.

Kabla ya yote, tuondoe kosa lililo ndani ya swali lenyewe. Reli ya zamani haijastaafu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, bado inafanya kazi, na kipande cha Dar es Salaam hadi Isaka, karibu kilomita 970, kimekarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kenya nako njia ya Nairobi hadi Nanyuki, iliyokuwa imelala miaka mingi, ilifufuliwa mwaka 2020. Ukitaka reli iliyostaafu kweli, nenda Kusini: ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962 na haikurudi.

Hata hivyo swali lina maana, kwa sababu reli haistaafu yote kwa siku moja. Njia kuu inaweza kuwa hai huku yadi ya kupangia mabehewa ikiota majani, karakana ikibaki kuta tupu, na njia za pembeni zikizama kwenye mchanga. Jijini Nairobi upo mpango wa kujenga upya eneo la ekari zipatazo 425 kuzunguka stesheni kuu ya zamani. Kwa hiyo tunaposema "ardhi ya reli iliyostaafu" tunamaanisha vipande hivyo: yadi, karakana, matuta na njia ambazo treni hazizihitaji tena.

"Eneo la kijani la umma" ni mahali penye mimea ambapo mtu yeyote anaingia bila kuulizwa anatafuta nini. Uwanja wa gofu ni kijani lakini si wa umma. Uwanja wa kokoto wa kuegesha magari unaweza kuwa wa umma, ila si kijani.

Na "kuhimili tabianchi"? Fikiria baraza la nyumba ya pwani. Baraza halizuii jua wala mvua. Linavipokea vyote viwili pale nje, ili chumbani mtu aendelee kulala. Bustani inayohimili tabianchi ni baraza la mji: mvua kubwa ikija, inalowa yenyewe ili nyumba zisilowe, na joto likipanda, inabaki pana kivuli pa kukimbilia. Siku mbili tatu kwa mwaka itakuwa chini ya maji, na hapo itakuwa kazini.

Kwa nini reli, si kiwanja chochote tu?

Nilikulia mtaa uliopakana na reli. Masika ikishika, sisi watoto tulikuwa tukicheza juu ya tuta la reli kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu peke yake. Mvua ilikuwa haijakata, lakini juu ya kokoto hukuti dimbwi. Wakati huohuo, nyumba za upande wa juu wa reli zilikuwa na maji hadi magotini, maana kalvati iliyopitisha maji chini ya tuta ilikuwa imeziba kwa takataka. Tuta likageuka bwawa.

Mambo hayo mawili, ukavu wa juu na bwawa la pembeni, ndiyo yanayoifanya ardhi ya reli iwe ya pekee. Treni ya mizigo haiwezi mwinuko mkali. Njia ikipanda zaidi ya mita mbili kwa kila mita mia, injini inaanza kulia. Ndiyo maana wajenzi wa reli walitafuta tambarare, wakakata vilima na kujaza mabonde, na walichotuachia ni ukanda mrefu uliosawazishwa, unaokatiza mji mzima bila kukatika, ulio mikononi mwa mmiliki mmoja. Kwenye miji yetu, ambako kupata ekari kumi zilizoungana ni kama kutafuta sindano gizani, hiyo ni mali.

Ila tambarare hizo mara nyingi ndiko maji yalikokuwa yakiishi kabla ya reli. Nairobi ni mfano usiohitaji kutafutwa. Reli ya Uganda ilifika pale Mei 1899, na wahandisi wakaweka yadi kwenye ardhi bapa yenye kinamasi kwa sababu ndiyo iliyokuwa nafasi ya mwisho iliyo bapa kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Jina lenyewe Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Kwa hiyo mafuriko yakifika mitaa ya stesheni, maji hayajapotea njia. Yanarudi kwao.

Sasa kokoto. Fanya jaribio hili uani. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze kokoto safi hadi mdomoni, halafu uanze kumimina maji kwa jagi. Utashangaa: ndoo "iliyojaa" itapokea karibu lita nane kabla ya kufurika, maana kati ya jiwe na jiwe kuna nafasi, na nafasi hizo zikijumlishwa hufika kama asilimia 40 ya ndoo. Peleka hesabu hiyo kwenye yadi. Hekta moja yenye kokoto safi za kina cha sentimita 30 ina nafasi ya lita milioni 1.2, yaani maboza 120 ya lita elfu kumi kumi. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Dar es Salaam si ajabu, inaangusha juu ya hekta hiyo lita laki tano. Yadi inaweza kumeza mvua yake yote na bado ikaomba ya mapaa ya jirani.

Inaweza, kama kokoto ni safi. Rudia jaribio, safari hii changanya kokoto na udongo wa mfinyanzi ushindilie. Maji yatakaa juu yakikutazama. Mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi ya kutunza njia ujana wake wote, alinieleza kwamba kazi yao kubwa haikuwa reli yenyewe, ilikuwa kuzitoa kokoto udongo. Zikishikana, njia inazama na treni inayumba. Yadi iliyotelekezwa miaka 30 hakuna aliyeichekecha. Vumbi, mafuta, majani yaliyooza na magurudumu ya malori vimeifanya ngumu kama sakafu. Mtu anayekuambia "hapa ni kokoto, maji yatazama yenyewe" mwambie kwanza achimbe shimo, alijaze maji na ashike saa mkononi.

Mtungi na kibubu

Upande wa joto una ufafanuzi wake, na ndio unaovurugwa zaidi na kauli ya "pandeni miti".

Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu unatoka jasho. Maji yanapenya kwenye vinyweleo vyake, yanakauka nje, na yanapokauka yanaondoka na joto. Mti hufanya hivyohivyo kwa majani. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha kwenye mizizi unaweza kutoa lita mia na zaidi kwa siku, na hewa chini yake ikapoa kwa njia mbili: kivuli na jasho. Lakini mtungi mtupu haupozi kitu. Mti uliopandwa kwenye sakafu ya lami, ambao mvua yote ya Aprili imepita pembeni yake kwenda mtaroni, ikifika Januari hauna cha kutoa jasho. Unafunga vinyweleo vya majani yake na kusubiri. Unakupa kivuli tu, tena kama haujakauka.

Kwa hiyo mafuriko ya masika na joto la kiangazi si matatizo mawili yanayohitaji miradi miwili. Ni maji yaleyale: yanakuja yote kwa pamoja wakati hatuyahitaji, na hayapo tunapoyahitaji. Bustani iliyochorwa vizuri ni kibubu. Masika inaweka, kiangazi inatoa.

Jijini Paris kuna bustani ya hekta 10 iitwayo Martin Luther King, kwenye mtaa wa Clichy-Batignolles, juu ya ardhi iliyokuwa yadi ya reli. Awali eneo hilo lilitengwa kwa kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya 2012. Mashindano yakaenda London, bustani ikaendelea, na ikaanza kufunguliwa kwa vipande mwaka 2007. Humo maji ya mvua hayakimbizwi kwenye bomba. Yanatembezwa kwenye mifereji mipana ya nyasi, isiyo na kina, hadi kwenye bwawa lenye mimea ya majini, na kutoka hapo yanarudishwa kumwagilia. Karibu asilimia 40 ya maji ya kumwagilia yanatokana na mvua. Ukipita hujui kama unatazama mtambo. Unaona mtoto anakimbiza bata.

Berlin, ambako hakuna aliyepanda

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna mbunifu mwanzoni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mji wa Berlin uligawanywa, na kwa maajabu ya siasa za wakati ule reli za upande wa Magharibi ziliendelea kuendeshwa na shirika la reli la Ujerumani Mashariki. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya yadi ya mabehewa ya Tempelhof ilisimama. Hakuna aliyeing'oa, hakuna aliyeilima. Ilibaki tu.

Kilichoota kilijiotea. Mbegu nyingine zilikuwa zimekuja zamani na mabehewa ya nafaka na mifugo, nyingine na upepo. Kokoto zile hazina rutuba, zinachomwa na jua, na maji hayakai, kwa hiyo kila mmea uliobaki hai ulikuwa umefaulu mtihani wa ukame bila msaada wa mpira wa kumwagilia. Watafiti walipohesabu mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta zaidi ya aina 300 za mimea. Serikali ilipotaka kujenga pale stesheni mpya ya mizigo, wakazi wakakataa, wakang'ang'ana, na mwaka 2000 hekta 18 zikafunguliwa rasmi kama hifadhi: Natur-Park Schöneberger Südgelände.

Ubunifu wake ni orodha ya mambo ambayo hayakufanywa. Reli hazikung'olewa, njia za waenda kwa miguu zinafuata mataruma yaleyale yaliyobeba reli, na miti imesimama katikati ya vyuma viwili kana kwamba inasubiri treni. Tenki la maji la injini za mvuke limebaki, na sahani ya kuzungushia injini imebaki. Palipo na nyasi adimu hawakuweka uzio wala bango la "usikanyage": waliinua daraja la chuma lenye matundu, kiasi cha goti kutoka chini, watu wapite juu na mwanga upenye chini. Hata hivyo si kweli kwamba pameachwa kabisa. Sehemu za wazi hukatwa au hulishwa kondoo, la sivyo msitu ungezifunga zote na mimea ya juani ikafa. Kuacha asili ifanye kazi nako kunahitaji mtu mwenye fyekeo na anayejua asikate wapi.

Si mbali na hapo kuna Park am Gleisdreieck, bustani ya hekta zipatazo 26 iliyofunguliwa kwa awamu tatu, 2011, 2013 na 2014, juu ya ardhi ya stesheni za mizigo. Hii ni ya watu wa kila aina: wenye baiskeli, wapiga mpira, wazee wa bustani za mboga, na katikati ya vurugu hiyo kimebakizwa kipande cha msitu uliojiotea. Treni za mwendo kasi zinapita palepale kati ya nusu mbili za bustani. Kwa wale wanaodhani lazima uchague treni au bustani, hapo ndipo pa kuwapeleka. Na fedha? Sehemu kubwa ilitoka kwa wajenzi wa majengo ya Potsdamer Platz, kwa sheria inayosema ukifunika ardhi kwa zege mahali pamoja, unalipa fidia ya kijani mahali pengine. Sheria hiyo naionea wivu kuliko bustani yenyewe.

Watu wakitaja bustani za reli, wengi hukimbilia High Line ya New York, ile ya juu ya daraja la treni, yenye urefu wa kilomita 2.3, iliyoanza kufunguliwa mwaka 2009. Nzuri, sikatai. Lakini tusidanganywe na picha. Majani yake "ya mwituni" yalipandwa upya yote: kwanza reli ziliondolewa na kuwekewa alama, rangi yenye risasi ikakwanguliwa, daraja likazibwa lisivuje, ndipo reli nyingi zikarudishwa mahali pake. Udongo wake kwa wastani ni wa sentimita 45 tu, juu ya chuma. Ni bustani ya paa, ghali kuitunza. Kuichukua kama kielelezo cha yadi iliyoko chini, kwenye ardhi, ni kama kujifunza kilimo cha mpunga kwa mtu anayefuga maua kwenye chungu.

Mahali mafuriko yalipolipia bustani

Mji wa Atlanta, Marekani, una mzunguko wa reli za zamani wa kilomita 35 unaolizingira eneo lake la katikati. Mwaka 1999 mwanafunzi mmoja, Ryan Gravel, aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili akipendekeza mzunguko huo uwe njia ya usafiri na bustani. Leo unaitwa BeltLine na unaendelea kujengwa.

Kando ya ukanda huo, katika mtaa wa Old Fourth Ward, alikozaliwa Martin Luther King, palikuwa na bonde la maegesho na viwanja vichafu vya viwanda. Mvua ikinyesha, mabomba ya majitaka yalizidiwa na maji yakapanda barabarani. Suluhisho la kawaida lingekuwa handaki kubwa chini ya ardhi. Wakazi wakauliza: fedha hizo zikichimba bwawa badala ya handaki, si tutapata na bustani? Ikawa hivyo. Historic Fourth Ward Park, ya ekari 17, ilifunguliwa mwaka 2011 ikiwa na bwawa la ekari mbili katikati, na ilikadiriwa kuokoa zaidi ya dola milioni 15 ikilinganishwa na handaki. Siku za kawaida utaona maji yametulia chini, kuta za mawe zikipanda ngazi kwa ngazi, mtu ameketi ngazi ya tatu anakula chakula cha mchana. Ngazi hiyo ya tatu si kiti. Ni nafasi ya maji ya siku ya dhoruba, na mlaji ameazimwa.

Bwawa hilo lilichimbwa kuweza kupokea hata ile inayoitwa "mvua ya miaka 100". Msemo huu unawapotosha wengi, pamoja na viongozi. Haimaanishi mvua inayokuja mara moja kila karne, kwamba ikishapita mwaka jana basi tupumzike hadi wajukuu. Maana yake ni mvua ambayo kila mwaka ina nafasi moja kati ya mia ya kutokea. Ni kete inayorushwa upya kila mwaka. Kwa nyumba uliyojenga kwa mkopo wa miaka 30, nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja ni kama asilimia 26, na hiyo ni hesabu ya hali ya hewa ya jana. Bahari na hewa zikizidi kupata joto, mawingu yanabeba maji mengi zaidi, na kete yenyewe inachongwa upande.

Sumu, mbu na alama ya X

Kuna mambo matatu ambayo michoro mizuri huyaruka.

La kwanza ni uchafu wa ardhi. Reli haikuwa shamba. Kwa miongo mingi palimwagika dizeli na grisi, palitupwa majivu ya makaa, palipuliziwa dawa za kuua majani ambazo zamani baadhi zilikuwa na arseniki, na mataruma ya mbao yalilowekwa kwenye kreosoti, lami ile nyeusi yenye harufu kali. (Ukiyakuta yanauzwa kwa bei ya kutupa, usichomee nyama wala usizungushie mboga.) Sumu hii inabadilisha mchoro mzima, kwa sababu mantiki ya kibubu inageuka. Mahali pasafi unataka maji yazame. Mahali pachafu, ukiyazamisha maji unayapa sumu nauli ya kwenda kwenye visima vya watu. Hapo inabidi udongo uondolewe, au ufunikwe kwa udongo safi, na bwawa litandikwe tabaka lisilopitisha maji chini. Ndiyo maana kipimo cha udongo kinakuja kabla ya kalamu ya mbunifu. Mimea inayonyonya sumu ipo, ila inafanya kazi kwa miaka mingi na si kwa kila sumu.

La pili ni mbu, na hili kwetu si la kuchekwa. Mtu akikwambia "mnatuchimbia malaria" ana haki ya kujibiwa. Mbu anahitaji wastani wa wiki moja hadi mbili kwenye maji yaliyotulia ili kutoka yai hadi kuruka. Kwa hiyo mifereji ya nyasi huchimbwa na kupimwa ili ikauke ndani ya siku tatu: kiluwiluwi hakifiki kuwa mbu. Mabwawa ya kudumu huwekewa maji yanayotembea na samaki kama perege, ambao hula viluwiluwi, na kingo huchongwa zisiwe na vidimbwi. Hatari kubwa zaidi ni mfereji uliojengwa vizuri kisha ukaachwa bila mtu. Mfuko mmoja wa plastiki kwenye mdomo wa bomba, na siku tatu zinakuwa wiki tatu. Na mbu wa dengi hana haja hata ya bwawa. Anatosheka na tairi bovu na kifuu cha nazi.

La tatu ni watu. Ardhi ya reli katika miji yetu si tupu hata kidogo. Kuna mama wa samaki, fundi wa baiskeli, mwenye genge la mboga, na familia ambazo zimeishi karibu na reli hadi zinajua saa kwa honi. Kwao habari ya mradi mara nyingi huanza na alama ya X nyekundu ukutani. Atlanta nako, ambako hakuna X, kulikuwa na bei: bustani ilipopendeza, kodi za nyumba zilizoizunguka zikapanda, na baadhi ya waliovumilia mafuriko hawakubaki kufaidi ukavu. Mradi ukajiwekea lengo la nyumba 5,600 za bei nafuu ifikapo 2030, lakini ardhi ilikuwa imeshaanza kupanda bei. Ukitaka kumlinda mama wa samaki, meza yake iingie kwenye mchoro wa kwanza, pamoja na bomba, kivuli na mahali pa kumwaga maji ya samaki. Ukiisubiri awamu ya pili hutamkuta.

Nikirudi nyumbani, ndugu wa karibu zaidi wa habari hii Dar es Salaam si reli, ni bonde la Mto Msimbazi, ambako kituo cha mabasi ya mwendokasi kilijengwa Jangwani na kikafurika mara kwa mara hadi kila mtu akajua picha zake. Sasa upo mradi mkubwa wa bonde hilo, na ndani yake imo bustani ya mji. Mantiki ni ileile: mpe mto nafasi ya kulala, halafu watu waitumie nafasi hiyo siku ambazo mto haupo.

Kuhusu ni miti gani ipandwe, naona mjadala huo unakula muda mwingi kuliko unavyostahili. Chini kwenye maji kuna matete na mafunjo. Juu kwenye kokoto kuna migunga na mikwaju, miti iliyozoea kukaa miezi bila tone. Mazulia ya nyasi fupi za kukata kila wiki yaachwe yawe madogo, pale watoto wanapocheza tu, kwa sababu yanakunywa sana na hayapozi sana. Mkrismasi uwepo, kwa macho. Kwa kivuli cha Februari, mpe mkwaju miaka kumi na tano.

Siku mtakapoitwa kwenye mkutano wa kutazama mchoro wa yadi fulani, utakuta umetundikwa ukutani, wa rangi, wenye watu wembamba wanaotembeza mbwa. Usianze na miti. Tafuta mshale wa kaskazini, kisha tafuta kona iliyo chini kuliko zote, ile ambayo wazee wa mtaa watakuonyesha kwa kidole bila kuvaa miwani. Tazama pamechorwa nini hapo. Kama ni maegesho ya magari, aliyechora hajawahi kupita pale mwezi wa Aprili.